Mji Mkuu Wahitaji Baraza Lake

Mtu ajengaye nyumba hufikiri kwanza chumba cha kulala, kisha jiko, kisha choo. Lakini mwenye busara huacha na nafasi mbele ya mlango, penye kivuli, ambapo jirani apitaye aweza kukaribishwa akaketi. Watu wa pwani hupaita barazani. Watu wa bara huketi chini ya mti. Majina ni mbalimbali, lakini kazi ni moja. Hapo ndipo habari hupokewa, ndipo ugomvi husuluhishwa, ndipo watoto husikia maneno ya wakubwa bila ya kuitwa. Nyumba isiyo na mahali hapo ni ya kulalia tu.

Leo twapenda kulizungumza jambo hili kwa habari ya Dodoma, mji mkuu wetu. Macho yetu yaona kazi kubwa iliyokwisha kufanyika. Wizara zina majengo yake Mtumba. Tangu mwaka 1973, Chama kilipoamua kuhamia huko, mji umepata barabara, masoko, Bunge na Chuo Kikuu, na tangu mwaka 2024 garimoshi la umeme lafika huko kutoka Dar es Salaam. Haya yote ni vyumba vya nyumba. Swali letu ni hili: baraza la nyumba hii liko wapi?

Tusemapo baraza la mji, tuna maana ya kitu kinachojulikana na kisicho cha anasa. Ni uwanja wa maonyesho usio na paa, ndani ya bustani ya wananchi wote, kando ya bonde au kijito. Mbele pana sakafu ya wachezaji. Nyuma ya sakafu hiyo ngazi za kukalia zimepanda moja juu ya nyingine kwa umbo la nusu duara, hata mtu wa nyuma kabisa amwone mchezaji wa ngoma tangu utosini mpaka njuga za miguuni. Dodoma inavyo viwanja vya wazi. Viko Viwanja vya Nyerere katikati ya mji, iko bustani ya Chinangali, na uko uwanja wa mpira wa Jamhuri. Twavithamini vyote. Lakini kiwanja kilicho sawasawa huwapa wa mbele kuona na wa nyuma kuona migongo. Na uwanja wa mpira ni mkubwa mno kwa sauti ya zeze. Kila kazi ina chombo chake, na kazi tunayoizungumza yastahili chombo chake.

TEMBO NA KIJITO

Wageni wengi huidhani Dodoma kuwa nchi isiyo na habari ya maji. Kumbe jina lenyewe la mji limetoka majini. Masimulizi ya wenyeji yasema kwamba siku moja tembo alikuja kunywa katika kijito cha Kikuyu, kilichoitwa hivyo kwa sababu ya mikuyu iliyoota kandokando yake, naye akanasa matopeni. Watu waliomwona wakasema kwa Kigogo, “Idodomya,” yaani amezama, na tangu hapo mahali pale pakaitwa hivyo. Yako na masimulizi mengine, lakini hili ndilo lipendwalo zaidi. Tukilitazama vizuri twaona kwamba habari ya kwanza ya mji huu ni ya watu waliosimama ukingoni mwa kijito, wakitazama jambo moja kwa pamoja na kulipa jina. Mji uliozaliwa hivyo hauna sababu ya kusahau kutazama kwa pamoja.

Tena yafaa ikumbukwe jinsi ulivyochaguliwa kuwa mji mkuu. Dar es Salaam ilifanywa makao ya utawala na Wajerumani, kwa kuwa meli zao zilitia nanga hapo. Dodoma ilichaguliwa kwa mjadala. Kabla ya uamuzi wa mwaka 1973 jambo hilo lilipelekwa katika matawi ya TANU nchi nzima. Wako waliokubali na wako waliokataa, na mwisho wengi wakashinda. Ndipo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na mwaka 1976 ukatolewa mpango mkuu wa mji, uliotengenezwa na wataalamu wa Kanada. Mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 2017 na kazi zake zikakabidhiwa halmashauri. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji.

Basi huu ni mji uliotokana na watu kukaa, kusikilizana na kuamua. Ingekuwa ajabu mji wa namna hii ukamilike bila mahali ambapo watu wake hukaa na kusikilizana. Na ajabu hiyo yaweza kutokea upesi kuliko tudhanivyo, kwa sababu watu waongezeka kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Katika miaka kumi mji umekaribia kuwa mara mbili. Kila mwaka viwanja vyapimwa, mawe ya mipaka yasimikwa, na mahali ambapo jana vijana walicheza ngoma leo pana msingi wa nyumba. Ardhi ikiisha kujengwa hairudi. Kwa hiyo atakayesema tungoje kwanza ajue kwamba kungoja nako ni kuamua.

HALI YA NCHI YATUSAIDIA

Iko miji duniani ambayo mvua hairuhusu watu kukaa nje. Dodoma siyo mmojawapo. Mvua zake ni kama milimita 570 kwa mwaka, nazo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Tangu Mei mpaka Novemba anga ni kavu. Mji uko juu ya bahari kiasi cha mita 1,100, hata jioni upepo wake huwa wa baridi na mwepesi. Hali hii ambayo mkulima huililia kwa haki, kwa mwenye kuandaa ngoma ni neema. Miezi saba hivi ya mwaka aweza kutangaza siku ya maonyesho bila ya kuogopa mawingu.

Ardhi nayo yatusaidia. Dodoma imezungukwa na vilima vya mawe, na baina yake yamepita makorongo ambayo hukauka kiangazi na kufurika masika. Kando ya korongo mtu hatakiwi kujenga nyumba. Watu wa Dar es Salaam walijifunza jambo hilo kwa machozi mwezi Desemba 2011, mafuriko yalipoliingia bonde la Msimbazi na kuua watu, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Sasa katika mpango wa kulitengeneza bonde hilo imo bustani kubwa ya jiji kandokando ya mto. Hilo ni fundisho jema. Bonde lisilofaa kulala watu lafaa kupumzikia watu. Maji yakija bustani hulowa kisha hukauka, wala hapana mtoto aliyezolewa usingizini.

Dodoma yaweza kulifanya hilo kabla ya msiba badala ya baada yake. Mteremko wa korongo au wa kilima hutoa nusu ya kazi ya ujenzi bure, kwa kuwa ngazi za kukalia hukatwa katika mteremko ulio tayari. Wayunani wa kale waliijua siri hiyo. Uwanja wao wa Epidaurus, uliojengwa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita katika ubavu wa kilima, waweza kuketisha watu wapatao 14,000, na hata leo michezo huonyeshwa hapo. Hawakuwa na vipaza sauti. Walikuwa na kilima, mawe, na akili.

WENYE UWANJA WALIKUWAPO

Lakini hatuna haja ya kwenda Uyunani kutafuta walimu. Nchi ya Ugogo ni nchi ya nyimbo. Wagogo huimba kwa sauti nyingi zilizopangana, kila sauti na njia yake, na zote zikakutana mahali pamoja. Jambo hilo limewastaajabisha wataalamu wa muziki waliotoka mbali. Wanazo zeze, marimba makubwa ya vidole waitayo ilimba, filimbi na njuga. Wanawake wana muheme, ngoma wanazozibana baina ya mapaja na kuzipiga kwa mikono, huku wengine wakiimba na kucheza mbele yao.

Mtoto mmoja wa nchi hiyo alikuwa Hukwe Zawose, aliyezaliwa Doduma mwaka 1938. Alikuwa mtu wa kijijini, mwana wa wafugaji. Baada ya Uhuru Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, akaingia katika kikundi cha ngoma cha taifa, na baadaye akawa mwalimu Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Alizunguka Ulaya, Asia na Marekani na ilimba yake. Alifariki Desemba 2003. Hakufundishwa katika jumba la muziki. Shule yake ilikuwa uwanja wa kijiji, ambapo mtoto hukaa miguuni pa mpigaji akamtazama vidole.

Hapa twataka wasomaji wetu wasimame kidogo wafikiri. Uwanja wa kijiji ulikuwa na mpangilio wake, ingawa hapakuwa na saruji. Wachezaji walikuwa katikati na watu wakawazunguka. Wazee walikaa, vijana walisimama, watoto walijipenyeza mbele. Hapakuwa na tikiti. Hapakuwa na kiti cha mheshimiwa kilichowekwa peke yake kivulini na wengine wakaachwa juani. Na nyimbo zilisifu na kukaripia pia. Mvivu aliimbwa, mchoyo aliimbwa, na mkubwa aliyepotoka aliimbwa vilevile, naye akasikia akiwa amekaa miongoni mwa watu.

Huko Chamwino, mwendo wa kilomita zisizozidi 40 kutoka mjini, kazi ya kuuhuisha uwanja huo imekwisha kuanza. Chamwino ni kijiji kilichojengwa wakati wa Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, ambapo Mwalimu alikaa na wanakijiji akafyatua nao matofali. Leo pana Ikulu iliyozinduliwa Mei 2023. Na hapohapo, tangu mwaka 2009, hufanywa Tamasha la Muziki wa Cigogo, ambalo hukusanya vikundi vya vijiji mbalimbali, watu wazima na watoto wa shule, wakacheza mbele ya wenzao. Nani aliyewahi kufikiri kwamba bibi wa kijijini angekuwa mwalimu wa kijana wa sekondari mbele ya umati? Uwanja umemfanya kuwa mwalimu.

Tena uwanja umefanya jambo jingine ambalo hotuba peke yake haiwezi. Muheme kwa asili ilihusika na unyago wa wasichana, ambao ndani yake ulikuwamo ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 iliukataza ukeketaji wa watoto wa kike. Je, ngoma nayo ife? Hasha! Ikipigwa mbele ya watu wote, mchana kweupe, ngoma hubaki na kisu huachwa. Kwa njia hiyo watu huchambua mila zao wenyewe, wakashika jema na kutupa baya. Lakini kuchambua kwahitaji mahali. Ngoma iliyofukuzwa uwanjani hurudi gizani, na gizani hapana achambuaye.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wako watakaosema kwamba watu wa Dodoma wana shida ya maji na zahanati, na kuwajengea ngazi za kukalia ni kumpa mwenye njaa ua badala ya ugali. Twaiheshimu hoja hiyo. Maji yatangulie, hapana ubishi. Lakini hatuombi jumba la marumaru. Twaomba kwanza ardhi isigawiwe. Na jambo hilo lahitaji ramani, muhuri na uthabiti wa moyo kuliko fedha. Ngazi zaweza kuanza kwa udongo ulioshindiliwa na mawe ya vilima vya papo hapo, na saruji ikaja baadaye kadiri ya uwezo. Bomba la maji laweza kutandikwa mwaka wowote. Kiwanja kilichouzwa hakirudi mwaka wowote.

Wengine watasema zama za kukusanyika zimepita. Kila mtu ana simu mfukoni aweza kutazama ngoma kitandani. Sawa, lakini atazamaye kitandani hutazama peke yake. Hamjui aliye jirani yake, wala yule achezaye hamwoni yeye. Dodoma ni mji wa wageni. Ofisa ametoka Kagera, dereva ametoka Mtwara, mwanafunzi ametoka Pemba, muuza mboga ametoka Kondoa. Hawa wote wamekutana mahali ambapo Mgogo ndiye mwenyeji. Wataishi miaka mingapi wakisalimiana kwa kichwa tu kwenye kituo cha basi? Jioni moja ya kukaa ngazi moja na kucheka kwa jambo moja yafanya kazi ya miezi sita ya ujirani.

MAFUNZO YA WENZETU

Habari ya viwanja vya wazi katika nchi zetu za Afrika Mashariki imejaa mafunzo. Tutataja matatu.

La kwanza ni Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Waingereza waliliacha eneo lile wazi kwa nia ya kutenga mitaa ya Waafrika wa Kariakoo na mitaa ya wengine. Ulikuwa ni uwazi wa kubagua. Lakini katika miaka ya 1950 wananchi waliugeuza ukawa uwanja wa mikutano ya TANU, na mahali palipowekwa ili watu wasikutane pakawa mahali pa kukutana. Funzo ni kwamba ardhi iliyo wazi haijui nia ya aliyeiacha. Hutumikia nia ya watu wanaoitumia. Mpango mzuri wa wataalamu hautoshi pasipo watu, na watu waweza kuusahihisha hata mpango mbaya.

La pili ni Ngome Kongwe, Unguja. Ngome hiyo ilijengwa na Waarabu wa Omani mwishoni mwa karne ya 17, nayo katika zama mbalimbali ilikuwa ya askari na pia gereza. Leo ndani ya ua wake mna ngazi za kukalia na jukwaa la wazi. Tamasha la filamu la nchi za jahazi, lililoanza mwaka 1998, na Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, yamelifanya jukwaa hilo lijulikane dunia nzima. Mbele yake, baharini, ipo bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kutengenezwa, ambapo kila jioni wenyeji na wageni hukaa ukutani wakila na kuzungumza. Funzo hapa ni la namna mbili. Bustani na uwanja wa maonyesho husaidiana, kwa sababu aliyekuja kupunga upepo hukuta ngoma, na aliyekuja kwa ngoma hubaki kupunga upepo. Lakini pia tujihadhari. Penye lango pana kiingilio, na penye kiingilio yuko abakiye nje. Uwanja wa Dodoma uwe na siku zake za kukodisha ili upate fedha ya taa na ufagio. Lakini siku nyingi ziwe za bure, na mtoto asiye na senti apate kukaa.

La tatu ni zito, na twalieleza kwa sababu ukweli haufai kuchaguliwa. Ni habari ya Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, nchini Kenya. Kijiji hicho kilianzishwa na wakoloni wakati wa vita vya Mau Mau kwa kuwakusanya watu waliofukuzwa makwao. Katika miaka ya 1970 wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa viwanda wa hapo walikuwa na kiwanja cha ekari nne na jengo bovu la udongo. Kwa mikono yao wenyewe wakajenga jukwaa na uwanja wa maonyesho usio na paa, wa kuketisha watu wapatao 2,000. Walianza kwa kutengeneza mfano wake kwa njiti za kiberiti. Tarehe 2 Oktoba 1977 wakaonyesha mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa lugha ya Kikuyu, na wanakijiji wenyewe wakausahihisha wakati wa mazoezi. Watu walikuja kutoka mbali. Mchezo ulisema juu ya ardhi na juu ya tajiri na maskini. Tarehe 16 Novemba serikali ya huko ikaondoa kibali. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila mashtaka. Na mwezi Machi 1982 askari wakapelekwa wakaubomoa uwanja wote. Mwandishi huyo alifariki Mei 2025, na watu duniani kote wakalitaja tena jina la kijiji kile kidogo.

Ni nini tujifunzacho? Kwanza, kwamba wakulima na wafanyakazi wasio na mhandisi waliweza kujenga kitu ambacho miji mikubwa haikuwa nacho. Pili, kwamba uwanja wa watu huogopwa na wale wasiopenda kusikia. Nasi tusijisifu upesi kwamba sisi tu wema kuliko jirani. Tujiulize: siku ile kikundi cha kata kitakapopanda jukwaani Dodoma na kuigiza habari ya mgawaji wa viwanja aliyekula rushwa, tutapiga makofi au tutazima taa? Baraza linaloruhusiwa kusifu tu si baraza. Wagogo wa zamani walijua kwamba anayeimbwa uwanjani hana haja ya kuimbwa kwa siri. Kiongozi mwenye haki huja, akakaa katika ngazi pamoja na watu, akasikia, akarekebisha.

YAFANYIKE YAPI

Twatoa maoni yetu kwa uwazi, wengine wayapime.

Kwanza, halmashauri ya jiji na wakazi wa kila kata watazame mabonde na miteremko iliyosalia, wachague mahali pafaapo, na mahali hapo pasajiliwe kuwa mali ya umma isiyobadilishwa matumizi kimyakimya. Ramani ibandikwe ofisi ya kata, kila mtu aione.

Pili, ujenzi ufuate akili ya nchi. Upepo wa Dodoma kwa kawaida huvuma kutoka mashariki, na jua la alasiri huchoma kutoka magharibi. Basi sakafu ya wachezaji iwe upande wa mashariki, na watu wakae wakiielekea: upepo utawaletea sauti, na jua litakuwa mgongoni mwao. Ngazi ziwe juu ya alama ya maji ya masika, na njia ya korongo isizibwe. Ijengwe njia nyororo kwa wenye magari ya magurudumu na wazee wa fimbo. Kuwe na vyoo safi na taa, maana mama hataleta watoto mahali penye giza.

Tatu, ipandwe miti. Mwezi Desemba 2017 ilizinduliwa kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani. Miti ya kampeni ipate kazi hapa, na mikuyu irudi ukingoni kama zamani za tembo. Anayekunywa maji ya kisima aupande mti. Anayekaa kivulini aumwagilie.

Nne, uwanja upewe walezi. Iwepo kamati ya watu wa mitaa, wasanii, walimu na vijana, na wanawake wapiga muheme wasiachwe nje ya kamati ambayo kazi yao ndiyo fahari yake. Kamati itunge kalenda: Jumamosi hii ngoma, ijayo mashairi, ijayo mchezo wa kuigiza wa wanafunzi, ijayo mkutano wa wakulima wa zabibu na bei zao. Uwanja usio na kalenda hugeuka malisho ya mbuzi, kisha hugeuka jalala, kisha hutokea mtu mwenye hati.

Mwisho, twawageukia wanachama na wafanyakazi wanaosoma ukurasa huu. Wengi wenu mwaweza kupima ardhi, kuchimba, kuaka ukuta, kuseremala, kufunga taa, kuandika kumbukumbu za kikao. Yote hayo yahitajiwa. Wakati wa Operesheni Dodoma watu walifyatua matofali kwa ajili ya nyumba za kulala, na kazi ile haikumvunjia mtu heshima, awe mkulima au Rais. Matofali ya baraza si mazito kuliko yale.

Mji una vyumba vya kutosha kuitwa mji. Na utakapopata mahali ambapo bibi wa Chamwino apiga muheme, karani wa Mtumba amekaa chini akimtazama, mtoto wa machinga amejipenyeza mbele ya wote wawili, na hakuna aliyeulizwa ametoka wapi, hapo ndipo waliohamia Dodoma kwa amri ya kazi watakapoanza kusema kwamba wamefika nyumbani.